Wapangaji Tuliowakuta

Dalali alitutumia ramani ya rangi mbili:
njano ni shamba, kijani ni "mengineyo".
Mengineyo ndiyo yaliyokuwa ghali.

Mimi huendesha basi la shule, Wendell huchomelea matrela.
Miaka kumi na tisa tumeweka senti juu ya senti,
katika gari lenye mlango wa rangi nyingine,
ili siku moja tusimame hapa, magharibi ya Wisconsin,
mwisho wa Machi, matope yamenasa buti,
tukague wenyewe kila pembe,
tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Orville Skaar, mwenye kuuza, hakushuka garini.
Goti, alisema.

Nilichota udongo pale juu, penye mabua ya mwaka jana,
nikaufinya: ukashikamana, kisha ukaachia,
mweusi, ukinuka chuma kilicholowa.
Nikapiga hesabu. Ekari arobaini na mbili za kulimika,
Curtis Hoag wa ng'ambo ya barabara atakodi,
mahindi mwaka huu, soya mwaka ujao,
kodi imeze riba, chenji ibaki ya dizeli.

Wendell hakuutazama udongo.
Alishazama bondeni, mialoni ilikobanana,
kapiga magoti kwenye kijia chembamba kuliko ubao,
anapitisha kidole ndani ya alama ya kwato
kama kipofu anayesoma.
Mwerezi mmoja ulikuwa umechunwa gome kwa pembe,
kuanzia gotini hadi kifuani.
"Njoo uone," aliniita,
kwa ile sauti yake ya kanisani.

Orville akateremsha kioo.
"Hilo bonde baba alilitaja kwa tusi tu.
Jembe haliingii, ng'ombe huvunjika miguu.
Na kulungu alikuwa na neno moja kwao: wezi.
Akiwasikia kwenye mahindi usiku
alitoka na bunduki na chupi,
mama nyuma yake na suruali."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Leo hao wezi ndio watakaolipa
hospitali ya mwanawe."

Hapo nikajua si goti.

Nilikuwa na bei yangu mdomoni, elfu kumi na mbili chini ya yake;
nimeifanyia mazoezi wiki nzima ndani ya basi tupu.
Ungependa niseme niliimeza.
Nilikata elfu tano.
Benki haikopeshi huruma,
na yeye aliitikia upesi mno, bila kunitazama.

Tukatia saini mwezi Mei.
Julai mahindi ya Curtis yalinipita kichwa.
Agosti, mistari sita ya ukingoni, upande wa bonde,
ilisimama na vigunzi vitupu kama meno yaliyong'oka.
Curtis akavua kofia, akaivaa tena.
"Hii tunaikata kwenye kodi?" Tukaikata.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi niliandika:
*Hasara: mistari sita. Waliokula: wapangaji tuliowakuta.
Mkataba: hauonekani, ila ni wa zamani kuliko wetu.*

Jumamosi ya kwanza ya msimu, Novemba,
mlio mmoja tu kutoka bondeni, kisha kimya,
kisha Wendell akipanda kilima polepole, barafu kwenye ndevu,
akiburuta jike mnene asiye na mtoto.
Hakusema lolote hadi alipomaliza kunawa.

Paja tulimpelekea Orville, kwa binti yake Jolene, mjini.
Mirija puani, kitanda kimeelekezwa dirishani,
dirisha limeelekea ukuta wa jirani.
Jolene alimkatia vipande vidogo vidogo, kama vya mtoto.
Alitafuna muda mrefu, macho amefumba.
Nilidhani amelala.

"Mahindi," alisema.
Akafungua mdomo apewe kingine.